Hewa ya nje kwenye chumba chenye AC: ya kujua kabla hujatoboa ukuta

Mteja akisema anataka AC inayovuta hewa safi ya nje, anza kwa kumweleza kwamba spliti (AC ya vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje) aliyonayo ukutani haivuti hewa ya nje hata kidogo. Mabomba yanayopita ukutani ni mawili ya gesi na moja la kumwaga maji. Hewa inayopozwa ni ileile ya chumbani, inazungushwa tu. Zipo modeli chache zenye mpira maalumu wa kuingiza hewa. AC nyingi za dirishani nazo zina kijimlango cha kufungua kwa wenzo, ila kinapitisha kidogo mno, na mara nyingi kinatoa hewa ya chumbani badala ya kuingiza ya nje. Usimuuzie mtu AC ya dirishani kwa ahadi ya hewa safi.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuweka filta nzito juu ya wavu wa spliti. Feni ya spliti, ile ndefu kama mwanzi, imetengenezwa kupitisha hewa isiyokutana na upinzani. Ukiiwekea filta ya daraja la F7, ya kunasa vumbi laini, inayodai paskali 50 hadi 100 (paskali ni kipimo cha shinikizo), hewa inapungua, koili, yaani mabomba baridi ya ndani ya AC, inashuka chini ya nyuzi sifuri, barafu inaganda kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya koili, kisha inayeyuka na kudondokea kitandani. Mteja atadhani gesi imeisha. Fundi asiyejua ataongeza gesi, na tatizo moja litakuwa mawili.

Kwa hiyo hewa ya nje ipewe njia yake, feni yake na filta yake.

Kwa chumba cha kulala au ofisi ndogo, hesabu lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, yaani mita za ujazo 36 kwa saa. Watu wawili ni lita 20 kwa sekunde. Bomba la milimita 100 linatosha, hewa itapita kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde. Lakini filta isiwe na upana wa bomba. Duara la sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 79 tu, wakati filta ya sentimita 30 kwa 30 ina 900. Hewa ileile sasa inapita filta kwa sentimita 22 kwa sekunde, upinzani unashuka sana, na filta inadumu. Tengeneza sanduku la plastiki au alumini, kwa sababu bati la kawaida karibu na bahari huliwa na chumvi upesi. Kutoka nje kuja ndani, panga hivi: kofia ya mvua, wavu wa mbu, filta nyepesi ya G4 ya kunasa vumbi kubwa, filta ya F7, halafu feni. Filta mpya huandikwa kwa kipimo cha ISO 16890 cha mwaka 2016, basi badala ya F7 tafuta ePM1 ya asilimia 50 au zaidi, yaani inayoshika angalau nusu ya chembe ndogo kabisa. Za Kimarekani zinaandikwa MERV, na MERV 13 inakaribiana na hiyo.

Mshale ulio kwenye fremu uelekee feni. Weka sponji ya kuziba kuzunguka fremu yote, maana hewa haina haja ya kupenya kwenye filta ikiona mwanya pembeni.

Feni usinunue kwa namba kubwa iliyo kwenye boksi. Namba hiyo ni ya feni isiyosukumana na kitu chochote. Angalia mchoro wake, uone inatoa kiasi gani kwenye paskali 100 hadi 150. Feni ya bafuni ya panga wazi haiwezi kazi hii.

Mahali pa kuvutia hewa pawe angalau mita 3 kutoka bomba la hewa la choo na dohani ya jikoni, na mbali na upande unaopuliza joto wa kipande cha nje cha AC. Jenereta ikae mbali zaidi, upande mwingine wa nyumba ikiwezekana. F7 inashika vumbi na chembe za moshi, haishiki gesi. Mkaa maalumu wa filta hupunguza harufu, lakini nao hauzuii kaboni monoksaidi ya jenereta, na gesi hiyo inaua mtu usingizini. Bomba liinamie nje, sentimita 2 kwa kila mita, ili mvua ya masika isiingie.

Sasa unyevu, ambao huku pwani ndio wenye gharama. Hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, ukiitaka ifike nyuzi 25 na asilimia 55, lita 20 kwa sekunde zinakula karibu BTU 2,600 kwa saa (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Hiyo ni zaidi ya robo ya AC ya BTU 9,000. Inaacha pia takribani lita 0.8 za maji kila saa, basi hakikisha bomba la maji halijaziba. Zima feni ya hewa kila AC inapozimwa. Sehemu ya bomba iliyo ndani ya chumba ifungwe sponji, la sivyo litatoa jasho kwa ndani na kuota ukungu.

Hewa iingilie juu, karibu mita moja kutoka spliti, ili ivutwe kupitia koili mapema. Usiielekeze kwenye mdomo wa hewa baridi, maana unyevu ukikutana na plastiki baridi utadondoka. Wala usiipulizie sensa ya joto iliyo mbele ya koili, kwa sababu AC itaona chumba ni cha moto na haitapumzika.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Chukua mfuko wa taka wa lita 60, uukunje hewa yote itoke, ufunike mdomo wa bomba ndani ya chumba, hesabu. Ukijaa kwa sekunde 3, una lita 20 kwa sekunde. Kisha washa kijiti cha udi, ukipitishe taratibu kwenye viungo vya sanduku. Moshi ukivutwa mahali, paka silikoni hapo. Funga madirisha, ushike udi chini ya mlango: moshi unatakiwa kusukumwa uende nje ya chumba.

Wavu wa mbu na G4 visafishwe kila wiki mbili hadi nne, kutegemea vumbi la barabara. F7 usiioshe wala usiipulize kwa kompresa, nyuzi zake huharibika. Andika ndani ya kifuniko tarehe na sekunde za mfuko za siku ya kwanza. Zikifika 5 na G4 ikiwa safi, badilisha F7.