Gatundu: Eneo Bunge Lililogawanywa

SWALI: Mhariri, katika kumbukumbu za Bunge la Kenya nimekuta eneo bunge linaloitwa Gatundu, bila Kusini wala Kaskazini. Je, lilikuwapo kweli, lilikwisha lini, na ni nani waliolichagulia wabunge wakati ambapo mbunge wao alikuwa Rais wa nchi?
Msomaji, Thika

JIBU: Eneo bunge la Gatundu, wilayani Kiambu, lilikuwapo tangu uchaguzi wa Mei 1963 hadi lilipogawanywa kuwa Gatundu Kusini na Gatundu Kaskazini kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 1997, wakati viti vya kuchaguliwa nchini vilipoongezwa kutoka 188 hadi 210. Mbunge wake wa kwanza alikuwa Jomo Kenyatta. Yeye alikuwa ameingia Baraza la Kutunga Sheria mapema mwaka 1962 kwa kuachiwa kiti cha Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na Kariuki Njiiri, kwa hiyo ni Gatundu iliyompa kiti cha nyumbani kwao.

Sehemu ya mwisho ya swali lako ndiyo yenye uzito. Katiba iliyotumika hadi 2010 ilimtaka Rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, na Kenyatta alikaa na kiti hicho mpaka alipofariki tarehe 22 Agosti 1978. Katika uchaguzi wa 1969 na wa 1974 alipita bila kupingwa, na kwa sababu hiyo wakazi wa Gatundu, ambao nyumbani kwa mbunge wao pale Ichaweri wajumbe kutoka kila pembe ya nchi walifika na ngoma zao kumwona Rais, hawakupiga kura ya kumchagua mbunge katika chaguzi hizo mbili. Naona ni haki kulisema hili waziwazi, maana simulizi nyingi za Gatundu humtaja mheshimiwa na kumsahau mpiga kura.

Baada ya Kenyatta, kiti kilishikwa na Ngengi Muigai, mwana wa James Muigai, nduguye Rais. Vyama vingi viliporudi, upepo uligeuka kabisa: mwaka 1992 KANU, chama tawala, haikupata hata kiti kimoja katika Mkoa wa Kati wote, Gatundu ikiwemo.

Miaka mitano baadaye ndipo wapiga kura walipotoa uamuzi ambao, kwa maoni yangu, una maana kuliko mwingine wowote katika historia yao. Katika Gatundu Kusini, ambako ndiko ilikobaki Ichaweri, Uhuru Kenyatta, mwana wa Jomo, aliwania kwa tiketi ya KANU na akashindwa na Moses Mwihia, msanifu majengo aliyesimama kwa chama cha SDP. Jina la ukoo, hata lile la mwanzilishi wa taifa, halikutosha kumpa mtu kura. Uhuru aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2001, akachaguliwa Gatundu Kusini 2002 na tena 2007, kisha akaondoka 2013 alipokuwa Rais, kwa kuwa Katiba ya 2010 haimruhusu Rais kuwa mbunge.

Kiti kikaenda kwa Jossy Ngugi, aliyefariki 2014. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, Moses Kuria alipita bila kupingwa, na wapiga kura wakajikuta tena bila karatasi ya kura mkononi. Kuria alichaguliwa 2017, na Gabriel Kagombe akamrithi 2022.

Gatundu Kaskazini ina orodha yake, isiyovuma sana lakini yenye mabadiliko ya mara kwa mara: Patrick Muiruri alihudumu vipindi viwili kuanzia 1997, wakafuata Clement Waibara 2007, Francis Kigo Njenga 2013, Anne Wanjiku Kibe 2017 na Elijah Kururia 2022. Kwa hiyo ukikuta "Gatundu" pekee katika kumbukumbu za kabla ya uchaguzi wa 1997, fahamu kwamba linalotajwa ni eneo lililojumuisha sehemu hizi zote mbili.