Kabla hujawauliza madaktari kuhusu mgongo wa mwanao

Aliyegundua kwamba mgongo wa binti yangu umepinda kando ni fundi cherehani wa hapa Mbagala. Alikuwa anampima sketi ya shule, akaniita: "Baba Zai, pindo nimelikata sawa, lakini upande mmoja unapanda. Hebu mwangalie mtoto kiunoni." Nikamwambia Zai ainame kama anafagia uwanja. Upande wa kulia wa mgongo ukainuka kuliko wa kushoto. Alikuwa na miaka 12.

Ndani ya miezi miwili nilishaonana na mabingwa watatu wa mifupa. Wa kwanza alisema tusubiri, arudi baada ya miezi sita. Wa pili akasema avae bresi, yaani gamba gumu la kuvaa kiwiliwili ili kuzuia mgongo usizidi kupinda. Wa tatu akataja upasuaji. Nyumbani ndugu wakaanza kupiga kura, mmoja akadai yule wa tatu anatafuta hela tu. Neno hilo liliniuma. Usiliache lizoeleke kwako, maana linamfunga mtoto mlango wa matibabu.

Kosa lilikuwa langu. Daktari wa kwanza nilimpelekea eksirei aliyopigwa Zai akiwa amelala kitandani. Wenzake wakaona ya kusimama. Mgongo uliopinda ukilazwa hujinyoosha kidogo, kwa hiyo wa kwanza alisoma nyuzi 21, wa pili 28. Kipimo hicho cha mgongo ulivyopinda huitwa pembe ya Cobb, na hata kwenye picha moja madaktari wawili wanaweza kupishana nyuzi 5 bila mmoja wao kukosea. Na yule wa tatu? Alisema ikifika nyuzi 50 ndipo tutazungumzia upasuaji. Mimi nikaondoka na neno la mwisho tu.

Basi, piga picha moja ya mgongo mzima, mtoto amesimama, na wote waione hiyohiyo. Maswali yaandike kwenye kaunta buku, kila daktari umuulize yaleyale. Swali lililonisaidia kuliko yote ni hili: "Dokta, ni kitu gani kitakufanya ubadilishe ushauri huu?" Niliporudi kuwauliza, wote walitaja mambo mawili: nyuzi, na urefu ambao mtoto bado hajaumaliza. Chini ya nyuzi 25 kwa kawaida huangaliwa. Kati ya 25 na 45 hivi, kwa anayekua, huvalishwa bresi. Ndiyo maana waliniuliza kama ameshavunja ungo. Sikujua. Nikampigia mama yake simu nikiwa pale mezani, na tangu siku hiyo kliniki tunakwenda wote.

Kuhusu bresi, utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013 ndio ulionitoa wasiwasi: kati ya waliovaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya walioangaliwa tu. Waliovaa saa 13 hivi na zaidi kwa siku walivuka asilimia 90. Kwa joto la Dar saa hizo si mchezo. Fulana ya pamba ndani, ibadilishwe ikilowa jasho.

Upasuaji ukifika, hapo mabingwa hutofautiana kwelikweli, hasa pingili ipi ya uti wa mgongo ianze kuunganishwa na ipi iwe ya mwisho. Muulize kila mmoja kwa nini amechagua hizo, na ameshafanya watoto wangapi.

Lakini kama mgongo umetokeza nyuma kama nundu, na mtoto anakonda, anatoka jasho usiku au miguu inalegea, usizunguke kukusanya maoni. Huenda ni TB ya mgongo. Nenda hospitali leo. Mabingwa wa mgongo wako MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na dawa za TB ni bure.

Zai sasa ana miaka 13. Fundi anamwongezea inchi mbili kiunoni, sketi ipite juu ya bresi. Mwezi ujao tunarudi na picha ya kusimama na kaunta buku ileile.