Kupandisha toleo la hifadhidata bila kupoteza njia ya kurudi

Siku ya tatu baada ya kuhamisha hifadhidata yetu kutoka toleo la 11 la PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, kwenda la 15, mwenzangu wa huduma kwa wateja alinipigia simu. "Kaka, risiti ya huyu mteja ninayo mkononi, lakini nikitafuta namba yake kwenye mfumo hayupo." Nikatafuta mwenyewe. Hayupo. Nikaiambia seva isipite kwenye faharasa (orodha iliyopangwa ya kufikia rekodi haraka), isome jedwali zima kuanzia rekodi ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha nikarudia hoja (ombi la kutafuta data) ileile. Akatokea. Rekodi ilikuwapo muda wote, ila njia ya kuifikia ilikuwa imeharibika.

Naanza na simu hiyo kwa sababu usiku wenyewe wa kupandisha toleo ulikwenda vizuri sana. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini, tulimaliza kabla ya muda tuliojipangia, tukaenda kulala. Tangu wakati ule nimepandisha seva nyingi, na maandalizi yangu yote yanazunguka maswali mawili: data inayotoka seva mpya ni ileile iliyokuwa inatoka ya zamani? Na nikitaka kurudi nilikotoka, mlango uko wazi mpaka saa ngapi?

Kwanza nieleze kilichotupata, maana bado naona watu wakikiendea macho makavu.

Tulibadilisha vitu viwili kwa mpigo. Seva ya zamani ilikuwa na mfumo endeshi wa zamani. Mashine mpya tuliiwekea mfumo mpya. Tukajenga seva pacha kwenye mashine mpya kwa kunakili mafaili ya data yalivyo, tukaifanya kuwa seva kuu, kisha tukaendesha palepale pg_upgrade, zana ya PostgreSQL ya kupandisha toleo. PostgreSQL, isipoambiwa vingine, hupanga maandishi kwa kanuni za lugha inazozikuta kwenye mfumo endeshi, na kwenye Linux nyingi kanuni hizo hutoka kwenye maktaba inayoitwa glibc. Toleo la 2.28 la maktaba hiyo, lililotoka mwaka 2018, lilizibadilisha kwa kiasi kikubwa. Chukua maandishi mawili, "1-1" na "11", uyapange kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani (en_US.UTF-8). Kwa glibc ya kabla ya 2.28, "11" inatangulia. Kuanzia 2.28, "1-1" ndiyo inayotangulia.

Namba za wateja wetu zilikuwa na kistari katikati. Faharasa iliyojengwa kwa mpangilio wa zamani ikawa inasomwa kwa mpangilio mpya, kama kamusi ambayo alfabeti imebadilishwa lakini kurasa hazikupangwa upya. Unafungua pale neno linapopaswa kuwa, hulioni, unajibu kwamba halipo. Na ubaya haukuishia kwenye kutafuta. Seva hutumia faharasa hiyohiyo kujua kama barua pepe fulani imeshasajiliwa. Kwa siku tatu ilikuwa inauliza, inaambiwa haipo, inasajili upya. Tukajikuta na wateja wenye akaunti mbili kwenye safu ambayo marudio yamekatazwa, kila akaunti ikiwa na malipo yake.

Dawa yake ni REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, lakini faharasa ya kipekee (inayokataza marudio) hugoma kujengwa upya ikikuta marudio. Kwa hiyo ilibidi tupitie akaunti moja moja, tuziunganishe kwa mkono, ndipo tujenge faharasa. Kazi ile ilitumaliza zaidi kuliko upandishaji wenyewe.

Ushauri wangu hapo ni mfupi: usibadilishe mfumo endeshi na toleo la hifadhidata siku moja kama unahamisha mafaili ya data yalivyo. Kama huna jinsi, jenga upya faharasa zote za maandishi kabla mteja wa kwanza hajaingia, na tumia kiendelezi (programu ya nyongeza) cha amcheck kuzikagua. Amri yake ya bt_index_check inapitia faharasa na kupiga kelele ikikuta mpangilio uliovurugika. Ukihamisha kwa pg_dump (inayoitoa data yote nje ili iandikwe upya) na kurejesha, tatizo hili halikuhusu, kwa sababu faharasa zinajengwa upya upande wa pili. Ni njia ya polepole, lakini kwa hifadhidata ndogo mimi bado naichagua bila kusita.

Sasa tuje kwenye mazoezi, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko kwingine kote. Chukua nakala rudufu ya jana, irejeshe kwenye mashine ya pembeni inayofanana na ile halisi, kisha upandishe toleo kwenye mashine hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho. Tumia data kamili. Rekodi elfu moja za majaribio hazitakuonyesha kwamba jedwali moja linachukua dakika arobaini kujengewa faharasa. Andika kila amri kwenye faili kwa mpangilio wake, na pembeni uandike ilichukua muda gani. Halafu futa kila kitu, urudie, safari hii ukinakili amri kutoka kwenye faili hilo bila kuongeza hata moja kichwani. Ukilazimika kuongeza, faili halijakamilika, rudia tena. Mimi hurudia mpaka nipitishe mzunguko mzima bila kuandika amri mpya. Zoezi hili linakupa faida nyingine kubwa: umethibitisha kwamba nakala yako rudufu inarejesheka. Nimewahi kukuta isiyorejesheka, na nashukuru niliikuta kwenye mazoezi.

Kabla ya mazoezi kuna kusoma. PostgreSQL hutoa toleo kuu takriban kila mwaka na kila moja hutunzwa kwa miaka 5. Toleo la 11 lilifika mwisho Novemba 2023, la 12 Novemba 2024, la 13 Novemba 2025. Ukiruka kutoka 11 kwenda 15 unapaswa kusoma maelezo ya matoleo manne: 12, 13, 14 na 15, hasa sehemu inayoeleza yasiyopatana na ya nyuma. Watu wengi husoma ya toleo wanalokwenda tu. Katika 12 faili la recovery.conf (la mipangilio ya kurejesha data na ya seva pacha) liliondolewa, na seva inakataa kuwaka ikilikuta kwenye folda ya data. Uwezo wa kuwa na majedwali ya WITH OIDS (yenye namba iliyofichika kwa kila rekodi) nao uliondolewa katika 12, na pg_upgrade itakusimamisha mpaka uyarekebishe. Katika 14 namna ya kawaida ya kuficha nenosiri ilihamia mbinu mpya iitwayo scram-sha-256. Manenosiri ya zamani hayaguswi, lakini siku utakapomwekea mtumiaji nenosiri jipya, programu yenye draiva (kiunganishi chake na hifadhidata) ya zamani itashindwa kuingia, na hutakumbuka kwamba chanzo ni upandishaji wa mwezi uliopita.

Walio kwenye MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, wana ya kwao. Kutoka 5.6 huwezi kuruka moja kwa moja mpaka 8.0, ni lazima upitie 5.7. Data ikishafunguliwa na 8.0 hairudishwi 5.7 kwa kubadilisha programu tu, njia pekee ni nakala rudufu ya kabla. Kuna jambo lingine linalowauma wengi kimyakimya: zamani GROUP BY (agizo la kukusanya rekodi kwa makundi) ilikuwa inapanga matokeo hata kama hukuomba, na 8.0 iliacha. Ripoti zinazotegemea mpangilio huo zitatoka zimechanganyika bila ujumbe wowote wa kosa. Tafuta kila GROUP BY isiyo na ORDER BY (agizo la kupanga) ndani ya programu yako kabla ya kugusa seva.

Kuhusu pg_upgrade yenyewe, anza na --check. Haibadilishi kitu, na unaweza kuiendesha hata seva ya zamani ikiwa inafanya kazi. Mara nyingi itakuonyesha viendelezi ambavyo hujavisakinisha kwa toleo jipya. Kama unatumia PostGIS, kiendelezi cha data za ramani, kiandae mapema maana kina utegemezi mwingi. Ukienda toleo la 18, kumbuka initdb, amri inayotengeneza folda mpya ya data, sasa huwasha yenyewe ukaguzi wa kurasa za data (checksums), na pg_upgrade hukataa pande mbili zisizolingana. Ama uuwashe kwenye ya zamani ukiwa umeizima, ama uandae mpya kwa --no-data-checksums.

Baada ya hapo unachagua kunakili au kuunganisha, na uchaguzi huu ndio unaoamua mlango wako wa kurudi. Kunakili kunahitaji nafasi ya diski mara mbili na muda mrefu, lakini folda ya zamani inabaki salama. Mambo yakiharibika unawasha seva ya zamani na maisha yanaendelea. Kuunganisha kwa --link hakunakili mafaili, kwa hiyo hata hifadhidata kubwa inamalizika kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba pande zote mbili zinatumia mafaili yaleyale. Ukishaiwasha seva mpya mara moja tu, ya zamani si salama kuitumia tena. Narudia: mara moja tu, hata kama ulikuwa unajaribu. Nikilazimika kutumia --link, ninaiacha seva pacha moja ikiwa imezimwa na haijaguswa kabisa, na huyo ndiye anayebaki kuwa njia yangu ya kurudi.

Njia ya tatu ni ya kuhamisha mabadiliko kwa mfululizo kutoka seva ya zamani kwenda mpya mpaka zikutane, kisha unaelekeza programu kwenye mpya. Ipo ndani ya PostgreSQL tangu toleo la 10. Muda wa kuzima unakuwa mfupi sana, na ukitaka unaweza kuugeuza mkondo ili mabadiliko ya mpya yarudi kwenye ya zamani, jambo linalokuacha na mlango wazi kwa siku kadhaa. Naipenda, lakini ina masharti yake. Kila jedwali linahitaji ufunguo mkuu au kitambulisho mbadala, mabadiliko ya muundo wa majedwali hayasafiri, na vihesabu vya namba za rekodi navyo havisafiri. Usipovisogeza mwenyewe kabla ya kufungua, oda ya kwanza ya mteja itajaribu kuchukua namba ambayo tayari ina mwenyewe, nayo itakataliwa.

Hata mlango ukiwa wazi, una saa ya kufungwa. Mteja wa kwanza akishaandika data kwenye seva mpya, kurudi kwenye ya zamani ni kupoteza alichoandika, isipokuwa umegeuza mkondo. Kwa hiyo kabla ya usiku wa kazi tunaandika kwenye karatasi saa ya uamuzi na jina la mtu mmoja anayeamua. Ikifika saa nane usiku kabla hatujamaliza ukaguzi, tunarudi, na hakuna anayebishana. Nimeona watu wazuri, wenye ujuzi, wakivutana saa kumi alfajiri kila mmoja akiomba dakika tano zaidi. Mchovu hapaswi kuachiwa uamuzi ambao angeweza kuufanya mchana wa siku tatu kabla.

Vitu vidogo vinavyosahaulika: pg_upgrade haihamishi mipangilio yako. Folda mpya inakuja na postgresql.conf ya kiwandani, ambamo shared_buffers (kumbukumbu ambayo seva hujitengea) ni 128MB hata kama mashine yako ina kumbukumbu ya gigabaiti 64, na pg_hba.conf (faili la nani anaruhusiwa kuingia) isiyoijua programu yako. Usinakili mafaili ya zamani juu ya mapya. Pitia mstari kwa mstari uhamishe ulichobadilisha wewe. Seva pacha nazo hazipandi zenyewe, zipangie muda wao.

Kisha takwimu. Seva huamua njia ya kujibu hoja kwa kutazama takwimu za kila jedwali: lina rekodi ngapi, thamani zipi zinajirudia. Kabla ya toleo la 18, pg_upgrade ilikuwa haizibebi. Ukifungua milango bila kuzijenga, hoja iliyokuwa inajibiwa papo hapo itasoma majedwali mazima, na wateja mia wakiuliza kwa pamoja seva inalemewa ndani ya dakika chache. Endesha vacuumdb --all --analyze-in-stages kabla ya kufungua. Inaanza na takwimu za haraka haraka kisha inaziboresha. Kuanzia 18 nyingi zinasafiri, na --missing-stats-only inajaza zilizobaki.

Asubuhi yake sikai kuangalia grafu za kichakataji peke yake. Nina orodha ya hoja ishirini nilizozitoa kwenye pg_stat_statements, kiendelezi kinachorekodi hoja na muda wake, kabla ya kuhama, zile zinazokula muda mwingi zaidi, pamoja na majibu yake na mipango yake ya utekelezaji. Naziendesha upya na kulinganisha. Nachagua pia wateja wachache wenye majina na namba za ajabu ajabu, wenye vistari, nukta na herufi zenye alama, namtafuta kila mmoja kwa faharasa na bila faharasa. Majibu yakipishana hata kwa rekodi moja, nasimamisha uandikishaji mpya kwanza, ndipo nitafute sababu.

Mwishoni pg_upgrade hukuachia skripti iitwayo delete_old_cluster.sh ya kufuta folda ya zamani. Siiendeshi mpaka ripoti ya kwanza ya kufunga mwezi itoke kwenye seva mpya, mhasibu ailinganishe na vitabu vyake, na aniambie kwa mdomo wake kwamba hesabu zimekaa sawa.