Je, Turner alichora Venice akiwa palepale majini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina nakala ya picha ya mchoraji Mwingereza Turner ya mwaka 1835 inayoonyesha Mfereji Mkuu wa Venice, mji wa Italia uliojengwa majini, kutoka kanisa la Santa Maria della Salute. Nimeilinganisha na picha za kamera za mahali hapo, na mnara wa kengele wa San Marco haukubaliani nazo. Aliichora akiwa pale, au vipimo vilimshinda?

JIBU: Marahaba. Vipimo havikumshinda hata kidogo. Kuanzia 1807 hadi 1837 Turner alikuwa profesa wa perspektivi, yaani kanuni za kuonyesha umbali na ukubwa kwenye picha, katika Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London. Jicho lako limeona sawasawa: mnara aliurefusha kwa makusudi, tena akaunganisha mandhari zilizoonekana kutoka sehemu zaidi ya moja.

Venice alifika mara tatu tu, 1819, 1833 na 1840, na siku zake zote huko hazifikii mwezi mmoja. Muda huo aliutumia zaidi kwa penseli. Akiwa Naples mwaka 1819 alieleza kwamba kupaka rangi nje kunakula muda: kwa mchoro mmoja wa rangi angemaliza 15 au 16 ya penseli. Rangi za mafuta nazo zilikuwa mzigo, kwani zilihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe. Tyubu ya bati ya kuwekea rangi ilipata hataza mwaka 1841 tu. Kwa hiyo turubai zake za Venice, yaani picha za rangi za mafuta kwenye kitambaa, ni kazi ya London. Na penseli hakuiweka chini: mwaka 1840 mchoraji mwenzake, William Callow, alikuwa akipunga upepo kwenye gondola, mashua nyembamba ya Venice, na sigara yake jioni, akamwona Turner kwenye gondola nyingine akichora kanisa la San Giorgio jua likizama. Callow aliona haya kwa uvivu wake. Mimi humheshimu Turner kwa jioni hiyo kuliko kwa sifa zake zote.

Sasa jaribu hivi. Usilinganishe picha nzima kwa mkupuo. Tafuta majengo mawili ambayo kingo zake zinagusana pichani, moja mbele na jingine nyuma, uchore mstari kwenye ramani ukipita kwenye kingo hizo, kama wavuvi wanavyotambua mwamba kwa alama mbili za nchi kavu. Fanya hivyo kwa jozi nyingine. Mistari inapokatana ndipo alipokuwa mchoraji. Ikiwa jozi za kushoto zinakupeleka sehemu moja na za kulia sehemu nyingine, umepata mahali alipounganisha. Urefu wa minara usiutegemee. Tegemea nafasi za kushoto na kulia.

Lakini kabla ya turubai, anza na madaftari yake. Yako Tate, jumba la sanaa la London, na kurasa zake zimewekwa kwenye tovuti yao bure. Fungua ya 1819 kwanza. Humo alifuata majengo ya ukingoni mwa maji moja baada ya jingine, kwa mstari mwembamba na makini sana.