Barua Zenu: Uraia wa Japani na Shamba la Baba

SWALI: Mama, salamu kutoka Mbale, Vihiga. Mdogo wangu yuko Osaka, huu ni mwaka wa saba: miaka 2 shule ya lugha, 2 chuoni na 3 kazini. Anasema atachukua uraia wa Japani kwa sababu sheria inataka miaka 5 tu, ilhali kibali cha ukaaji wa kudumu kinataka 10. Baba aliposikia akaapa kwamba mtoto akirudisha pasipoti ya Kenya asihesabiwe kwenye ekari moja na nusu tuliyo nayo. Nani anasema kweli?
– Kifungua mimba

JIBU: Mwanangu, wote wawili wamegusa ukweli, ndiyo maana hapo kwenu hapalaliki.

Tuanze na mdogo wako. Miaka ameihesabu sawa. Sheria ya Uraia ya Japani inataja miaka 5 mfululizo, umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenendo mwema na riziki ya kutosha. Kijapani nacho kinapimwa kwenye mahojiano, ingawa sheria yenyewe haikitaji. Hata hivyo hiyo 5 ni kiwango cha chini. Kuifikisha hakumlazimishi Waziri wa Sheria kukubali. Ombi lenyewe halilipiwi hata yeni moja, ila karatasi zake zitawatoa jasho. Rafiki yangu mmoja wa Bungoma aliambiwa alete cheti cha ndoa ya wazazi wake. Mzee na mama walioana kwa ng'ombe mwaka wa njaa. Cheti kitoke wapi? Ilibidi waende kuapa mbele ya wakili wakiwa wazee wa mvi, kisha hati ikatafsiriwa Kijapani. Mwenyewe akaandika kwa mkono, si kwa kompyuta, barua ya kueleza kwa nini anautaka uraia.

Sasa kwa Baba. Wengi hudhani Kenya ndiyo inayokataza uraia wa nchi mbili. Hiyo ilikuwa zamani. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Anayefunga mlango ni Mjapani: anataka uuache wa kwanza. Na asije akapanga kuuchukua wa Japani kisha aurudishe wa Kenya kimyakimya. Sheria ileile ya Uraia ya Japani inasema anayechukua uraia wa kigeni kwa hiari yake hupoteza ule wa Japani.

Akishaacha uraia wa Kenya, kifungu cha 65 cha Katiba kinamngoja. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Baba akimwandikia kipande chake moja kwa moja, sheria itakihesabu kuwa cha miaka 99 tu. Kwa hiyo kumnyima si lazima, lakini hofu ya mzee ina msingi. Ardhi ya Vihiga mnavyoigawa kwa kamba na vigingi, nani atataka mpangaji katikati ya makaburi ya babu zake?

Ningekuwa yeye, ningengoja ukaaji wa kudumu. Katika ile miaka 10, angalau 5 iwe ya kazi, na miaka ya mafunzo ya ufundi au ya kibali cha ujuzi maalumu daraja la kwanza haihesabiwi kwenye hiyo 5. Mdogo wako, kama kibali chake ni cha kawaida cha kazi za kitaalamu, amebakiza miaka 3. Wapo wanaofupishiwa: mwenye pointi 70 za wataalamu, zile zinazohesabiwa kwa elimu, mshahara na uzoefu, huomba baada ya miaka 3, mwenye 80 baada ya mmoja. Aliyeoa Mjapani anatakiwa awe na miaka 3 ya ndoa na mmoja wa kuishi kule. Hatapiga kura, lakini atafanya kazi yoyote, hatahuisha viza tena, na pasipoti yake itabaki ya Kenya.

Kinachowaangusha wengi wanaoomba ukaaji huo ni kodi ya mji, pensheni na bima ya afya. Kulipa peke yake hakutoshi. Wanaangalia kama ulilipa kwa tarehe. Mimi risiti zangu zote za malipo hayo nilizitia kwenye kopo la biskuti, na siku ya kuomba nililibeba kopo lote.

Kibali cha ukaaji wa kudumu nilikipata 2012, baada ya miaka 11 ya kufundisha watoto Kiingereza kule Nagoya. Nikakipoteza kwa uzembe wangu mwenyewe. Mwaka 2014 mama aliugua, nikapanda ndege kuja Kisumu. Kwenye uwanja wa ndege nikatia alama kwenye kisanduku cha fomu cha kurudi Japani kwa utaratibu wa mkato, ambao ni mwaka mmoja na hauongezwi ukiwa nje; ukipita, ukaaji wako umekufa. Mama alilala kitandani miezi 14. Tulipomaliza matanga, kadi yangu ya ukaaji ilikuwa plastiki ya kuchezea wajukuu. Laiti ningeomba kabla ya safari kile kibali cha kurudi cha kawaida, kinachofika miaka 5! Mwambie mdogo wako hilo kabla ya jingine lolote, maana wazazi mnao bado.

SWALI: Nikijifungulia Japani, mtoto atakuwa Mjapani?
– Mjamzito, Nakuru

JIBU: La, mpenzi. Kule wanafuata damu. Mmoja wa wazazi awe Mjapani. Tangu 1985 hata mama peke yake anatosha.

SWALI: Ni kweli ukipata uraia wao lazima uitwe jina la Kijapani?
– Webuye

JIBU: Si lazima. Unaweza kubaki na lako, ila herufi hizi zetu haziingii kwenye daftari lao la familia. Litaandikwa kwa herufi zao. Hapo ndipo kichekesho. Hawana "si" wala "la": Simiyu atakuwa Shimiyu, na Nanjala atakuwa Nanjara. Wanjiru hupita bila kuguswa.