Snobodi laini ya paki na mlima mzima: usizidishe ulaini

Kama unataka snobodi (ubao wa kutelezea kwenye theluji) moja tu ya kuruka nayo paki, yaani uwanja wa theluji wenye vilima na vyuma vya kuchezea, na bado ushuke mlima mzima, na hela yenyewe ni ya mawazo, usiende laini kabisa. Kwenye ile skeli ya ugumu ya 1 (laini kabisa) hadi 10 (ngumu kabisa) tafuta 4 au 5, manake 2 ni tamu kwa kupinda na kuteleza juu ya mabomba ya chuma ya paki ila ukishika spidi kwenye theluji ngumu inatetemeka mpaka magoti yanakuuliza mnaenda wapi. Na namba zenyewe usiziamini sana, kila kampuni inajipimia, 4 ya huyu inaweza ikawa 6 ya yule.

Umbo: pua na mkia vifanane ili ukienda kinyumenyume isikusumbue, halafu iwe na kemba katikati (ubao umejipinda juu kama upinde kati ya miguu) na ncha zimeinuka kidogo, hapo inashika kona bila kingo kukunasa kila saa.

Bei sasa, subiri mwisho wa msimu uchukue modeli inayoondolewa, mara nyingi kilichobadilika kwenye mpya ni michoro tu. Soli (upande wa chini unaoteleza) ya ekstrudi, yaani plastiki iliyoyeyushwa, ni ya polepole kuliko ya sinta, yaani unga wa plastiki uliogandamizwa, ila kuiziba ikichubuka ni rahisi na haidai nta kila mara, kwa paki inatosha kabisa. Mtumba pia poa, ila pitisha ukucha kwenye kingo ya chuma kati ya miguu, ukikuta ufa au tabaka zinaachana, nenda zako.

Mguu ukiwa namba 45 kwenda juu chukua snobodi pana aisee, vidole visiburute ukikata kona.