Amplifaya ya Chaneli Moja: Badili Mtindo kwa Nobu ya Gitaa

Mwenye amplifaya ya chaneli moja (isiyo na swichi ya kubadili kati ya sauti safi na ya kukwaruza) akiambiwa apige jazi, rege, bluzi na roki katika shoo moja, mara nyingi huiweka safi kabisa kisha hupanga pedali (visanduku vya miguuni vya kubadili sauti) sita mbele yake. Inawezekana, ila unabeba mzigo bure. Swichi ya chaneli unayoitafuta tayari ipo kwenye gitaa: ni nobu ya volyumu.

Fungua volyumu ya gitaa hadi 10, chagua pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) iliyo karibu na daraja, weka besi, midi na trebo katikati. Piga kodi kwa nguvu huku ukipandisha volyumu ya amplifaya taratibu, hadi pale sauti inapokwaruza ukikaza mkono na kusafika ukilegeza. Ongeza kidogo tu kupita hapo, kisha acha. Sasa 10 ni roki, 7 ni bluzi. Fanki na rege hukaa kwenye 4 au 5, pikapu mbili zikiwa pamoja. Kwa jazi, hamia pikapu ya shingoni, volyumu 5, toni 3. Namba hizi si amri. Hutegemea nguvu ya pikapu na uzito wa mkono wako.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa sauti. Amplifaya ya valvu (inayotumia taa za kielektroniki za kioo) ya wati 40 hufika kwenye mpaka huo ikiwa imeshawafukuza watu chumbani, kwa hiyo ya wati 5 hadi 15 hufaa zaidi. Ukiwa na kubwa, weka kipunguza nguvu (attenuator) kati yake na spika, omu (kipimo cha ukinzani) zikilingana: tundu la omu 8, kifaa cha omu 8. Wala usiwashe amplifaya ya valvu bila spika au mzigo wowote. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

La pili huwakatisha wengi tamaa: ukipunguza volyumu ya gitaa, sauti inafifia na kuwa kama imefunikwa blanketi. Ukinzani wa nobu ukikutana na kapasitansi ya kebo (uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme) huwa chujio linalokula trebo, na kebo ikiwa ndefu hali huwa mbaya zaidi. Tiba yake ni rahisi. Chukua kapasita ya pikofaradi 680 na rezista ya kiloomu 150, ziunge sambamba, kisha zilehemu kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa nobu ya volyumu. Ukiweka kapasita peke yake, sauti inaweza kuwa nyembamba mno volyumu ikiwa chini.

Pedali moja inastahili nafasi: ovadraivu (pedali ya mkwaruzo mwepesi) ya aina ya Tube Screamer. Weka draivu (kiasi cha mkwaruzo) karibu na 0 na leveli (ukubwa wa sauti inayotoka) juu. Hupunguza besi na kusukuma midi, hivyo amplifaya hukwaruza zaidi bila kuvuruga nyuzi nene. Lakini usitarajie ikupandishe sauti wakati wa solo kama amplifaya tayari imekwaruza. Sauti haina tena pa kupanda. Unapata mbano na mkwaruzo tu. Ndiyo maana ridhimu ipigwe kwenye 6 au 7, ili solo ibaki na nafasi ya kupanda. Amplifaya yenye lupu ya efekti (matundu ya kuunganisha pedali katikati ya amplifaya) hukupa njia nyingine: pedali ya busta (ya kuongeza sauti) iliyowekwa humo, baada ya mkwaruzo wa priampu (sehemu ya kwanza ya amplifaya), huongeza sauti kweli, mradi sehemu ya mwisho ya amplifaya haijafika kikomo.

Fazi (pedali ya mkwaruzo mzito) ya aina ya Fuzz Face iunganishwe moja kwa moja na gitaa. Ukitanguliza pedali yenye bafa (saketi inayoimarisha mawimbi ya gitaa), haitasafika tena ukipunguza volyumu. Dilei (pedali ya mwangwi) iliyo mbele ya amplifaya inayokwaruza huleta tope, kwa sababu hata miangwi hukwaruzwa. Punguza miksi (kiasi cha mwangwi), bakisha marudio mawili.

Metali ya kisasa ndiyo inayovunja mpango huu. Inataka mkwaruzo mzito wenye besi iliyokaza, na mpangilio huohuo hautakupa pia sauti safi inayong'aa. Ukiwa na nyimbo za aina hiyo, rudisha amplifaya kwenye usafi, tumia pedali ya distoshani, na upime leveli yake bendi nzima ikiwa inapiga. Leveli iliyopangwa chumbani peke yako mara nyingi humezwa na ngoma.